Wabebaji wa Udongo

Jumatatu, 17 Oktoba 1977

Mimi Emuria wa Bula Pesa ndiye mtu wa kwanza katika Isiolo yote kufinyanga binadamu wa udongo mpaka akafanana na mwenyewe, akabaki kukosa pumzi tu. Watu wanane nimewatengeneza kwa mikono hii miwili. Anayebisha aje.

Jumanne, 18 Oktoba

Mwalimu Fosia wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, amesoma daftari langu na kuandika chini kwa wino mwekundu: "Mzee Emuria, ni kweli?"

Si kweli. Anayefinyanga ni Natabo, mjane wa rafiki yangu Ekaale. Mimi nachimba udongo kando ya mto, naubeba, naukanyaga mpaka ulainike. Lakini Mwalimu alituambia tuandike kila siku mpaka mvua iishe, na mtu hawezi kuanza daftari jipya na habari ya miguu yake.

Alhamisi, 20 Oktoba

Leo Mwalimu ametaka nieleze vizuri ili msomaji asipotee. Haya, msomaji, nishike mkono.

Natabo anafanya kazi katika ghala kuukuu la ngozi, nyuma ya msikiti. Ghala ni la Haji Dualeh, mwenye malori, ambaye pia ni baba ya Mwalimu Fosia. (Mwalimu, nitamsema baba yako humu. Ukiona vibaya, sahihisha herufi, uache maneno.) Tangu ngozi ziondolewe harufu imebaki, na Haji alimruhusu Natabo akae kwa kuwa hakuna mwingine anayeiweza.

Siku ya Jamhuri kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono kwenye ukumbi. Wengine wataleta mikeka na vibuyu. Natabo analeta kazi yetu ya Karantini, pale zamani ng'ombe walikuwa wanafungiwa kuchunguzwa magonjwa. Mwaka wa 1947 mto Ewaso ulifurika, na daktari Mzungu wa mifugo, tuliyemwita Bwana Kwato, alitaka kuvuka bila kulowa. Tukamkalisha kwenye kiti, kiti kikafungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne tukaingiza mabega. Nyuma yetu wawili walibeba magunia yake, na kando akatembea nyapara na kiboko. Hao ndio watu wanane, kila mmoja kimo cha goti.

Mmoja wa wale wanne ni Ekaale. Amekufa miaka sita sasa na hakuna picha yake hata moja duniani. Kipande chake cha kazi kilikuwa na namba na alama ya kidole, basi. Natabo anasema sura yake inaanza kumtoroka. "Juzi nilisahau masikio," aliniambia. Ndiyo sababu ya kazi hii yote. Haya mengine, ukumbi na zawadi, ni kelele.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimesimama tangu asubuhi nikiwa na mti begani, Natabo akininakili. Mgongo wangu umekasirika.

Jumanne, 25 Oktoba

Nimejiona. Sikupenda.

"Natabo, mbona magoti yangu umeyakunja?"

"Ndivyo ulivyokuwa, apa." (Apa kwa Kiturkana ni baba, mzee.)

"Na huu mti haunigusi bega! Tazama, kidole kinapita."

"Kinapita," akasema, na kupitisha kidole.

Nikamwambia nilikuwa mbebaji hodari kuliko wote Karantini, aulize mtu yeyote. Akasema waliobeba kiti kile wamekufa, nimebaki mimi, na mimi hakuniuliza.

Ijumaa, 28 Oktoba

Mungania amekuja kuona. Huyu ni Mmeru, mchomaji wa matofali, ndiye atatuchomea. Ameangalia wale watu wote akasema, "Hawa wakiingia motoni na unyevu watapasuka kama popkoni. Wakauke wiki tano." Nikamwambia wiki tano ni nyingi, mimi mwenyewe sijui kama nitakauka hapo katikati au nitapasuka. Hakucheka. Wachoma matofali hawacheki, moshi umewakausha.

Jumatano, 2 Novemba

Mvua imeanza. Mlima haujaonekana siku mbili.

Ijumaa, 4 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 5 Novemba

Natabo amepaka rangi. Bwana Kwato amepakwa udongo mweupe. Nyapara amepakwa udongo mwekundu. Sisi sita tumeachwa na rangi ya mto.

Vijana hawaelewi, kwa hivyo naeleza. Karantini kulikuwa na foleni tatu za chakula. Mzungu mkate. Msomali wa hapa, ambaye babu yake aliletwa na jeshi la Mwingereza, mchele, kwa kuwa wazee wao walipigania sana wasiandikwe natifu, yaani wenyeji weusi, waandikwe pamoja na Waasia. Sisi Waturkana na Wameru na Waborana, posho ya unga wa mahindi. Ukisimama kwenye foleni ya mchele kwa makosa, unarudishwa kwa kiboko. Mimi nilifanya makosa hayo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshajua kuhesabu foleni.

"Serikali ilitupanga kwa rangi," Natabo alisema. "Na mimi nawapanga hivyo hivyo, mtu aone."

Jumatatu, 7 Novemba

Leo ulimi wangu umefanya kazi ambayo haukutumwa na mtu.

Nilikuwa hotelini nakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Haji Dualeh akaingia na koti lake jipya, akasalimia wote, "Salaam aleikum," akachukua kikombe chake cha chai na kunipita mimi kama kiti. Ikaniuma kidogo. Nikasema kwa sauti, "Haji, usinipite, juzi nimemwona marehemu baba yako."

Akasimama. "Wapi?"

"Kwa ghala lako. Ana kiboko mkononi, na rangi yake nzuri nyekundu ya mchele."

Hoteli yote ikacheka. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akatoka.

Nyapara wa mto ule alikuwa Shuriye, baba yake Dualeh. Watu wa rika langu wanajua. Watoto wa mjini hawakujua. Sasa wanajua.

Jumanne, 8 Novemba

Haji amekuja ghalani na mwavuli. Hakuingia hata.

"Natabo, nilikupa mahali pa kufanya vyungu."

"Ndiyo, Haji."

"Sikukupa mahali pa kumtukana baba yangu. Ijumaa ya wiki ijayo, tukitoka msikitini, nataka ghala liwe tupu."

"Mvua hii, Haji? Hawa bado ni wabichi. Nikiwatoa nje watarudi kuwa tope."

"Basi mwondoe mmoja. Wengine wakae."

Mimi nilikuwa nasema kimoyomoyo, sema ndiyo, mama, ni mtu mmoja tu na hata hakuwa mzuri. Natabo akasema, "Siwezi. Ekaale alipigwa na mtu. Hakupigwa na upepo."

Haji akafunga mwavuli, akaufungua tena, akaenda.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimefanya jambo la akili. Natabo alikwenda kutafuta kuni, mimi nikabaki na nyapara. Udongo ulikuwa umekauka nusu, mgumu kama ngozi ya kiatu. Nikashika kiboko, nikakivunja, tak! Nikalainisha mkono kwa maji. Sasa nyapara ni mzee tu anayepunga mkono, kama anaaga watu. Haji akiona atafurahi na ghala litabaki. Sijui kwa nini hawanipi udiwani.

Jumamosi, 12 Novemba

Natabo ameona.

Hakupiga kelele, ningependa apige. Aliuliza, "Apa, kiboko kiko wapi?" Nikasema panya. Akasema, "Panya wa udongo?" Kisha akanigeukia.

"Umemnyang'anya nyapara kiboko leo, amekufa, ni udongo, hana nguvu. Siku ile Ekaale analala kifudifudi ukingoni mwa mto, mkono wako ulikuwa wapi?"

Nilichukua kofia yangu nikatoka. Nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Jumapili, 13 Novemba

Sina la kuandika.

Jumatatu, 14 Novemba

Mwalimu ameandika: "Mzee, ukurasa wa jana hauna kitu. Kuna nini?" Wewe ni binti mdogo lakini unauliza kama askari wa trafiki. Haya.

Nilikuwa mbele kushoto. Ekaale alikuwa mbele kulia. Maji yalipofika kiunoni nilikunja magoti kidogo, ili mti usiniegemee, uwaegemee wengine. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku kwa magunia. Ni ujanja wa kazi, kila hamali anaujua, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayeufanya. Lakini gunia halina buti. Kiti kikainama, buti za Bwana Kwato zikaingia majini. Alisema neno moja la Kizungu. Shuriye akauliza nani ameinamisha kiti. Ekaale alikuwa upande uliopanda juu, kwa hivyo akaonekana yeye ndiye aliyeinua kupita kiasi. Viboko kumi na mbili. Mimi nilishika ule mti wakati wote, nikiangalia maji, kana kwamba ningeuachia mto ungekauka.

Ekaale hakuniambia kitu maisha yake yote. Nilifikiri hakujua.

Jumanne, 15 Novemba

Nimemwambia Natabo. Alikuwa anafinyanga kiboko kipya.

"Najua," akasema. "Aliniambia mwaka tuliooana."

"Na bado alikuwa anakula nyumbani kwangu?"

"Alisema wewe ni mvivu lakini unachekesha. Kanyaga udongo, apa, huu umekauka."

Nikakanyaga. Nimekanyaga mpaka jua lililokuwa halipo likatua.

Ijumaa, 18 Novemba

Nitaandika sana leo, mnisamehe, kalamu haitaki kulala.

Haji alikuja baada ya swala kama alivyosema, na nyuma yake Mwalimu Fosia, akimvuta koti na kumwambia kitu kwa Kisomali. Mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Mimi, Natabo na Mungania tulikuwa ndani.

Haji akaingia mara ya kwanza. Akampita Mzungu na Waturkana wote, akachutama mbele ya baba yake. Kiboko kipya kilikuwa mkononi. Nilingoja akivunje, na najua ni kazi rahisi.

Akasema, "Bega la kulia lilikuwa chini kidogo."

Natabo akasema, "Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Kabla hajawa nyapara alibeba, miaka minne. Maboksi ya risasi, kutoka hapa kwenda Merti." Akanyoosha kidole kwenye kiboko, hakukigusa. "Hiki alikuwa anakiacha nje, kimetundikwa mlangoni. Mama alikataa kiingie nyumba ambayo watoto wanalala. Sisi tuliambiwa ni cha ngamia."

Mwalimu, wewe ulikuwepo, shuhudia kwamba nilinyamaza.

Halafu upepo ukaja. Bati la kwanza liliondoka na sauti kama mtu amepasua shuka. La pili likafuata. Mvua ikaingia ndani yote kwa pamoja, si matone, ni kama ndoo. Natabo akajitupa juu ya Ekaale kwa kanga yake akipiga kelele, "Wanayeyuka! Wanayeyuka!"

"Lori!" Haji akasema. "Lori liko nje, lina turubai. Bebeni!"

Tukabeba. Hao watu ni wazito, udongo wa mto una mchanga, na ukilowa unateleza kama samaki. Mungania akachukua wawili wa magunia, mmoja kila kwapa. Mwalimu akambeba Bwana Kwato na kiti chake, amemshika mbali na nguo kama mtoto aliyejinyea. Natabo akamwachia Ekaale kanga, akachukua kwanza wabebaji wawili wa nyuma, waliokuwa wanalowa.

Haji alimwinua baba yake kwa mikono, kifuani, vile mtu anabeba redio. Hatua mbili akayumba.

"Si hivyo, Haji! Utamwangusha!" Nilivua gunia nililojifunika, nikalikunja mara nne, nikamwekea begani juu ya lile koti jipya. "Mweke hapa. Usikaze shingo. Mwache alale kichwani kwako. Sasa tembea na magoti, si na mgongo. Magoti!"

"Hivi?"

"Hivyo. Usinitazame mimi, tazama chini."

Akaenda, mwenye malori manne, na gunia begani, maji yanamtoka kwenye ndevu, baba yake juu yake na kiboko mkononi. Kama angekuwa mtu mwingine ningecheka mpaka Krismasi.

Walibaki wawili: Ekaale na mimi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kuinama, Natabo alikuwa bado kwenye lori. Nilijua kuna safari moja tu. Nikajitazama pale chini, na magoti yangu yaliyokunjwa, na bega ambalo mti haukuligusa, pua imeshaanza kudondoka. Nikamwinua Ekaale. Nilisimama wima, Mwalimu. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na nilimbeba uzito wake wote.

Ukuta ukaanguka nyuma yetu. Haukuwa na fujo, ulilala tu.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimekwenda kujitafuta kwenye kifusi. Nimepata sikio.

Jumapili, 20 Novemba

Watu saba wako barazani kwa Haji, juu ya mikeka. Haji amesema wakae mpaka wakauke. Watoto wa nyumba wameambiwa wasiwaguse, kwa hivyo wanawagusa tu wakati wa chakula. Kiti cha Bwana Kwato kimewekwa juu ya mabega ya watatu, kuona itakuwaje bila mimi. Tulikaa tukingoja kianguke.

Kikasimama.

Natabo akanitazama. Nikasema, "Usiseme kitu." Hakusema. Alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu Oktoba. Nilimwuliza kama atanifinyanga upya. Akasema siku hazitoshi, na tena hakuna haja.

Alhamisi, 24 Novemba

Mvua. Lori la Sericho limekwama, wasafiri wamelala njiani siku tatu.

Jumanne, 29 Novemba

Jua! Limetoka saa tano, likarudi ndani saa sita kama limesahau kitu.

Jumamosi, 3 Desemba

Leo tumechoma. Tulichimba shimo kavu nyuma ya nyumba ya Haji, tukapanga kuni za mgunga na mavi ya ng'ombe makavu, watu saba katikati. Natabo anachoma vyungu kwa moto wazi, unapumua, rangi zinatoka safi. Mungania anachoma matofali kwa kufunga. Walikubaliana moto ni wa Natabo.

Saa tisa manyunyu yakaanza. Natabo alikuwa ameenda kuleta kuni za mwisho. Mungania, mtu wa miaka thelathini kwenye tanuri, akaona mvua na mikono yake ikaamua bila yeye. Alitupa mavi mabichi juu, mabati juu, udongo juu, akaziba kila tundu.

Natabo akarudi na kuni kichwani. "Mungania! Umefanya nini?"

"Nimezuia baridi isiwapasue!"

"Hao ni matofali?"

"Hapana, lakini..."

"Umewafungia moshi! Watakuwa weusi wote! Mweupe, mwekundu, wote!"

Mungania akavua kofia akaishika. Haiwezekani kufungua moto katikati, wangepasuka. Tumekaa kuzunguka lile shimo kama watu wa matanga.

Jumapili, 4 Desemba

Tumefungua. Hakuna aliyepasuka hata mmoja. Na wote saba ni weusi ti, wanang'aa kama sufuria ya harusi. Bwana Kwato mweusi. Shuriye mweusi. Ule udongo mweupe na mwekundu umelala chini ya moshi, huoni hata alama.

Natabo alimtoa Ekaale kwanza, akamfuta majivu kwa kanga. Akagusa sikio moja, akagusa la pili. "Yupo," akasema.

Halafu akawatazama wengine. "Foleni tatu zimekwenda. Nani sasa atajua nilitaka kusema nini?"

Haji alikuwa amesimama mlangoni. Niliogopa kidogo. Alimtazama Mzungu, akamtazama baba yake, bega linateremka upande wa kulia kama alivyosema, kwa kuwa Natabo alilirekebisha barazani. Akaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Wallahi," akasema, "baba yangu alikwenda Nairobi mara tatu kupeleka barua asiandikwe natifu. Mara tatu! Kwa lori, juu ya ngozi za ng'ombe! Na leo Mmeru mmoja na mavi ya ng'ombe amemaliza kesi."

Mungania mwenyewe akacheka. Nimeandika tarehe, hii ni habari.

Natabo ameamua wabaki hivyo. Anasema anayemtafuta Mzungu atamjua, ndiye aliyekaa.

Jumatatu, 12 Desemba, Jamhuri

Ukumbi ulijaa. Zawadi ya kwanza imekwenda kwa mkeka. Mkeka mzuri, sina ugomvi nao.

Lakini mbele ya mkeka watu walipita. Mbele yetu walisimama. Wazee wa Karantini walikuja na fimbo zao, na kila mmoja akaingiza bega hewani, pale penye pengo, akawaonyesha wajukuu, "Hapa ndipo nilikuwa." Nimehesabu wazee kumi na mmoja waliokuwa mahali pangu. Sikubisha. Kama wote hao walibeba pale, basi angalau palibebwa.

Mchana wajukuu wa Haji walikuja. Yule mdogo akanishika shati, akanyoosha kidole kwa Shuriye. "Babu Emuria, huyu ni nani?"

Haji alikuwa nyuma yao, na nusu ya mji ilikuwa inasikia. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeiva, tamu. Nikalimeza. Wanaonijua wanajua ni kama kumeza kijiko. Nikasema, "Huyo ni wa kwenu. Mwulize babu yako."

Haji akakohoa. Akasema, wazi, "Ni baba yangu. Alikuwa nyapara. Aliwapiga hawa. Na yule pale alimpiga kwa kosa lisilokuwa lake." Akamwonyesha Ekaale kwa mkono mzima, si kidole. (Mwalimu, najua ni wewe uliyemsomea daftari langu.) Natabo alikuwa pembeni, akainamisha kichwa kidogo, vile unaitikia salamu.

Baadaye Haji alinipita mlangoni, akasimama. "Emuria, umeniachia neno langu niliseme mwenyewe. Hilo nitalirudisha."

Jumatano, 14 Desemba

Mvua imeisha, Mwalimu, na daftari limebaki kurasa mbili. Kabla hujasahihisha, msomee baba yako hapa.

Haji, umesema utarudisha, na mimi si mtu wa kungoja. Nangiro, kaka yake Ekaale, yuko Merti na macho yamemwishia. Amesikia ndugu yake amerudi kwa udongo na anataka kumpapasa uso kwa mikono yake. Natabo amekubali nimpeleke na nimrudishe. Lori lako linaondoka Jumamosi. Juu ya magunia atavunjika kabla hatujafika Kulamawe. Naomba nafasi ya mbele, kando ya dereva, upande wa dirisha, moja tu. Ekaale atakaa mapajani pangu.